Nilipofagia Herufi za Wenyewe

Simu iliingia Ijumaa asubuhi, mwaka 2016. Aliyepiga alikuwa mama mmoja, karani wa kanisa katika mji mdogo upande wa Murang'a. Nilimtambua kwa sauti kabla hajajitaja, maana alikuwa miongoni mwa wateja wetu wa mwanzo kabisa.

"Mwanangu, mmeifanya nini hii kompyuta? Nikiandika jina la marehemu, inanipigia mstari."

"Mstari gani, mama?"

"Chini ya maneno. Nikitaka ile u yetu ya alama juu, inaweka mstari. Nikitaka ile i, maandishi yanalala upande. Jana nilidhani ni macho yangu. Na mazishi ni kesho."

Nikamwomba asikate simu. Nilianza kupekua msimbo huku jasho linanitoka, kwa sababu tayari nilishajua ni mkono wa nani uliofanya kitendo hicho. Ulikuwa wangu.

Wakati huo tulikuwa watu sita katika chumba kimoja Nairobi. Tulichouza ni programu ya kuandalia vijitabu: vya harusi, vya harambee, na zaidi ya vyote, vya mazishi. Ilifanya kazi ndani ya kivinjari. Mteja alifungua ukurasa, akaandika wasifu wa marehemu, akapanga picha, akapeleka kwa mpiga chapa. Wiki mbili kabla ya simu hiyo nilikuwa nimeufanyia usafi msimbo wetu wa kibodi, yaani ile sehemu inayosikiliza vitufe na kuamua: hii ni herufi ya kuandikwa, au ni amri? Ctrl na B, koleza wino. Ctrl na I, laza maandishi. Ctrl na U, piga mstari chini.

Maktaba hiyo ndogo ya msimbo ilikuwa imeandikwa na watu watatu waliokwisha kuondoka, kila mmoja akipachika kiraka chake juu ya kiraka cha mwenzake. Ilikuwa na mistari kama mia nne hivi. Nikaikata ikabaki mia na ishirini. Kati ya vitu nilivyotupa kulikuwa na sharti moja lisilo na maelezo yoyote: Ctrl ikibonyezwa ni amri, isipokuwa kama Alt nayo imebonyezwa. Nikatafuta katika programu nzima. Hatukuwa na amri hata moja inayotumia Alt. Basi sharti hilo lilikuwa la nini? Nikalifuta. Majaribio yote yakapita. Bosi akanisifu mbele ya wenzangu, na mimi nikajiona fundi.

Kumbe sharti lilikuwa na kazi. Katika Windows, Alt ya kulia, ile inayoitwa AltGr, hujitambulisha kwa programu kana kwamba Ctrl na Alt zimebonyezwa kwa pamoja. Karani wetu alikuwa amewekewa na mpwa wake mpangilio wa kibodi ambao AltGr na U huleta ũ, na AltGr na I huleta ĩ. Kabla ya usafi wangu, programu iliona Ctrl, Alt na U, ikajua hiyo si amri, ikaiacha herufi ipite. Baada ya usafi wangu iliona Ctrl na U tu. Ikapiga mstari. Herufi yenyewe haikuandikwa kabisa.

Kulirudisha sharti kulinichukua dakika kumi. Lakini jalada la kijitabu lilikuwa limeshapelekwa kwa mpiga chapa usiku uliotangulia, likiwa na u na i tupu, kwa kuwa mpiga chapa hangojei mtu. Jina la marehemu lilikuwa na ũ mbili na ĩ moja. Zote tatu zilitoka bila alama zake.

"Mzee wa ukoo alikisoma kile kijitabu," mama aliniambia wiki iliyofuata. "Akauliza, huyu tunayemzika ni nani?"

Hakuniambia kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Mimi nimezaliwa Malindi, na Kiswahili changu kinatosheka na herufi za kibodi ya Kiingereza; tena q na x zinatuzidi. Irabu zetu ni tano. Gĩkũyũ kina saba, na zile mbili zilizozidi ndizo ĩ na ũ. Si pambo la juu ya herufi. Ukiondoa alama umeandika irabu nyingine, na mara nyingi neno jingine. Hayo niliyajua kama mtu anavyojua jina la mto asioupita. Sikuwahi kukaa mbele ya mashine nikaiomba herufi ikaninyima.

Ningepaswa kukumbuka, lakini. Babu yangu aliandika barua zake kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya watu wa pwani kwa karne nyingi, na herufi za Kiarabu zenyewe hazina p wala ch wala v. Waandishi wetu wa zamani walilazimika kuziongezea alama au kumwachia msomaji abahatishe. Sisi nasi tuliwahi kuwa watu wa kuomba herufi. Tulipohamia kwenye herufi za Kilatini tukasahau.

Baadaye niligundua kwamba kosa langu lilikuwa na ndugu zake. Mwaka 2015, Marcin Wichary, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi Medium, alisimulia jinsi herufi ś ilivyotoweka katika jukwaa lao la kuandikia. Wapolandi huipata kwa AltGr na S. Wahandisi wa Medium walikuwa wameiambia programu ipuuze Ctrl na S, kwa kuwa maandishi yalijihifadhi yenyewe na hawakutaka kivinjari kifungue kidirisha chake cha kuhifadhi. Programu ikaona Ctrl, ikaona S, ikameza ś ya taifa zima. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, halafu nikanyamaza. Wao walikuwa na Mpolandi ofisini. Sisi katika wale watu sita tulikuwa na wenzetu wawili wa Kĩambu, na wote wawili waliandika lugha yao bila alama, kwa sababu walishazoea kwamba kompyuta haiwapi.

Basi nikataka kujua: kazi hii ya kusafisha msimbo wa kibodi, waliotutangulia waliifanyaje? Kompyuta yangu mwenyewe ilikuwa ya Linux, na ndani yake mna maktaba inayoitwa libxkbcommon, ambayo kazi yake ni hiyohiyo: kupokea namba ya kitufe na kusema ni herufi gani. Msimbo wake uko wazi, na historia ya kila badiliko imehifadhiwa. Nikaanza kuisoma usiku, baada ya kazi. Nimekuwa nikiirudia tangu hapo, miaka sasa.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni tarehe. Katika faili ya leseni mna orodha ya wenye haki, na ukiishuka ni kama kusoma mawe ya makaburi: Ran Benita, Daniel Stone, Dan Nicholson, kisha Silicon Graphics, 1993 hadi 1996, kisha The Open Group, ambako miaka inarudi hadi 1985. Maktaba iliyozaliwa juzi ina damu ya miaka ya themanini.

Asili yake ni mfumo wa X, ulioanza Chuo cha MIT mwaka 1984 ili kompyuta za aina mbalimbali ziweze kuchora madirisha kwenye skrini. Toleo la 11 lilitoka Septemba 1987, na ndilo lililodumu hadi leo. Katika itifaki ya toleo hilo, kila kitufe kina namba kati ya 8 na 255. Vitufe visaidizi viligawiwa nafasi nane: Shift, Lock, Control, na nyingine tano zisizo na jina zaidi ya Mod1 hadi Mod5. Kila kampuni ikazitumia hizo tano ilivyotaka. Anayetaka herufi ya tatu katika kitufe kimoja alijitafutia njia.

Fujo hiyo ndiyo iliyomleta Erik Fortune wa Silicon Graphics. Katika miaka ya tisini aliandika kiendelezi cha kibodi kilichofupishwa kuwa XKB. Kilionekana mara ya kwanza pamoja na X11R6 mwaka 1994, na mwaka 1996, katika R6.1, kikawa sehemu rasmi. Fortune alikusudia kumaliza kila tatizo la kibodi kwa mara moja. Aligawanya mambo: kitufe kina namba, namba ina jina, jina lina ngazi, na kila ngazi ina herufi yake. Ngazi ya kwanza ni u, ya pili kwa Shift ni U, ya tatu inaweza kuwa ũ. Watu wenye lugha mbili walipata makundi, hadi manne, ya kubadilisha kibodi nzima kwa kitufe kimoja.

Lakini hakuishia hapo. XKB iliweza pia kueleza umbo la kibodi yenyewe, kila kitufe kiko wapi kwa vipimo vya sehemu ya kumi ya milimita, na kina rangi gani. Iliweza kufanya vitufe vishindane kama vile vya redio za magari ya zamani, ukibonyeza kimoja kingine kinachomoka. Iliweza kutandika kibodi moja juu ya nyingine. Ilikuwa kama nyumba ya tajiri aliyejenga vyumba vya wageni ambao hawajawahi kualikwa.

Na nyumba hiyo ikakaliwa kwa miaka mingi bila kufagiliwa. Seva ya X ilipoona kibodi mpya imechomekwa, iliita programu nyingine ya nje, xkbcomp, isome maelezo ya mpangilio na kuyageuza. Kila kibodi, mwito mmoja. Msimbo huo watu waliuogopa. Ulifanya kazi, na aliyeuelewa vizuri alikuwa hayupo.

Mwishoni mwa muongo wa 2000, Dan Nicholson na Daniel Stone wakaanza kuutoa ule moyo wa xkbcomp ili uwe maktaba inayojitegemea. Ulioihitaji sana maktaba hiyo ni Wayland, mfumo ambao Kristian Høgsberg aliuanzisha mwaka 2008 ili kuchukua nafasi ya X. Wayland hauna seva ya kumfanyia kila mtu hesabu za vitufe. Unaipa kila programu maelezo ya kibodi kama maandishi, kisha programu yenyewe inayasoma. Kwa hiyo ilihitajika maktaba ndogo, safi, isiyotegemea X hata kidogo, ambayo kila programu ingeweza kuibeba. Mwaka 2012 Ran Benita akaingia, na hapo ndipo ufagio ulipoanza kupita kila pembe.

Nilisoma mabadiliko ya mwaka huo kama mtu anayetazama fundi mwenzake akivunja ukuta, moyo mkononi. Majina marefu yanafupishwa. Vigezo visivyotumika vinaondoka. Mambo yakapangwa katika vitu vitatu: mazingira, ramani ya kibodi, na hali. Ramani ikishatengenezwa haibadiliki tena. Kinachobadilika ni hali tu, yaani Shift iko chini au juu, taa ya herufi kubwa inawaka au imezimwa. Mwanzoni mambo hayo yote yalikuwa yamechanganywa katika chungu kimoja.

Kisha wakatupa. Maelezo ya umbo la kibodi, nje. Vitufe vya redio, nje. Kibodi juu ya kibodi, nje. Hapo nilisimama, maana na mimi nilikuwa nimetupa. Tofauti yetu ilikuwa wapi?

Waliandika waraka wa kueleza kila walichokiacha na sababu yake. Na sababu, mara baada ya mara, ilikuwa ya namna moja: tumetazama katika mkusanyiko wa mipangilio, hakuna anayekitumia, au anayekitumia ni kama hayupo. Mkusanyiko huo ni mradi mwingine kabisa, unaoitwa xkeyboard-config. Humo hamna msimbo. Mna orodha ya mipangilio ya kibodi ya dunia, faili kwa faili, nyingi zikiwa na jina la nchi kwa herufi mbili. Mna faili ya tz, yenye Kiswahili cha Tanzania. Mna faili ya ke, yenye Kiswahili cha Kenya. Na ndani ya hiyo ke mna mpangilio wa pili: Gĩkũyũ.

Niliifungua faili hiyo usiku, nikakuta maneno mawili: utilde na itilde. Ni majina ambayo X ilizipa ũ na ĩ tangu zamani. Nikashangaa, nani huko Marekani alikuwa akiwawazia Wagĩkũyũ? Hakuna. Zimo katika kundi la Latin 4, linalofuata kiwango cha ISO 8859-4 cha mwaka 1988, ambacho kilitungwa kwa ajili ya lugha za kaskazini ya mbali: Kiestonia, Kilatvia, Kilithuania, Kisami, na Kigreenland. Ĩ na ũ zilihitajika kwa tahajia ya zamani ya Kigreenland. Na Wagreenland wenyewe walishaziacha alama hizo katika mageuzi ya tahajia ya mwaka 1973. Herufi zikabaki kwenye kiwango kama nguo za mtoto aliyekua, zikangoja mtoto mwingine. Msafishaji mwenye bidii angesema: Wagreenland hawazitumii tena, futa. Angekuwa sahihi kuhusu Greenland.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu lilipo. Wao walipouliza "nani anatumia hiki?", walikwenda kutafuta jibu nje ya msimbo wao, kwenye orodha ya watumiaji. Mimi nilitafuta ndani ya programu yetu. Ndani ya programu yetu hakuna Mgĩkũyũ, hakuna Mpolandi, hakuna mtu yeyote. Mna amri tulizoandika sisi. Niliuliza swali zuri mahali ambapo jibu lisingeweza kuwepo.

Kulikuwa na funzo jingine, nalo lilinichoma zaidi. Katika lile jengo la Fortune, katikati ya vyumba vyote vya wageni, kulikuwa na wazo moja dogo lililojibu kosa langu tangu miaka ya tisini. Fikiria Ctrl na alama ya kujumlisha, ile amri ya kukuza maandishi. Katika kibodi nyingi, + iko juu ya =, kwa hiyo ni lazima ubonyeze Shift kuipata. Je, amri hiyo ni Ctrl na +, au ni Ctrl, Shift na +? XKB husema: Shift imeshatumika. Imetumika kuleta alama yenyewe, basi usiihesabu tena kwenye amri. Ni kama ile kadi ya simu ya kukwangua. Ukishaingiza namba mara moja, salio limeingia. Namba ileile haiwezi kununua tena.

AltGr ya mama karani ilikuwa kadi iliyokwanguliwa. Ilishatumika kuleta ũ. Mimi nikaihesabu mara ya pili, nikaifanya amri.

Waliosafisha libxkbcommon walitupa umbo, rangi na redio, lakini wazo hili walilishika kwa mikono miwili. Mwaka uleule wa 2016, katika toleo la 0.7.0, waliliongezea uwezo, kwa sababu programu za GTK zilikuwa na desturi yake tofauti ya kuhesabu kilichotumika. Na angalia walivyofanya. Hawakuibadilisha kazi ya zamani. Waliandika mpya, wakaipa jina lilelile na namba 2 mkiani, wakaziweka pamoja. Aliyekuwa akitegemea ya zamani hakuguswa. Si jambo la kupendeza kwa macho, jina lenye 2 mkiani. Mimi ningeona haya kuliandika. Sasa naliona kama adabu.

Mambo ya namna hiyo yamejaa humo. Ukiwapa faili ya zamani yenye maelezo ya umbo la kibodi, hawaikatai. Wanayasoma maelezo hayo na kuyaruka, ili faili ifunguke. Walipofikia toleo la 1.0.0, Septemba 2020, wangeweza kuutumia mwaka huo kuvunja yote na kuanza upya, kama wengi wafanyavyo namba kubwa inapofika. Hawakuvunja. Jina ambalo programu nyingine huitia maktaba hiyo lina 0 mwishoni tangu mwanzo, na baada ya 1.0.0 likabaki na 0 yake. Programu iliyojengwa kabla haikuhitaji kujengwa tena.

Na kuna ile nane. Linux huzipa vitufe namba zake kuanzia 1: Escape ni 1, A ni 30. Lakini X ilikuwa imesema mwaka 1987 kwamba namba zianze 8. Basi watu wakaongeza 8 kwa kila namba: Escape ikawa 9, A ikawa 38. Wayland ulipokuja, bila X, bila deni lolote, ungedhani hiyo nane ingezikwa. Haikuzikwa. Itifaki ya Wayland inaiagiza kila programu iongeze 8 kabla ya kuiuliza ramani, kwa sababu ramani zote za dunia, pamoja na ke na tz, zimeandikwa kwa hesabu hiyo. Kuifuta nane ni kuigusa kila faili ya kila lugha.

Walichovunja ni dari. Namba za X zinaishia 255, na Linux ina vitufe vinavyovuka hapo. Kitufe cha kunyamazisha maikrofoni ni 248 kwa hesabu ya Linux. Ongeza nane, ni 256. Kimekosa nafasi kwa moja tu! Kwa hiyo katika X kitufe hicho hakionekani kabisa, na watu wakalazimika kukisingizia kuwa ni F20, kitufe ambacho kibodi nyingi hazina, halafu ramani ikakigeuza tena kuwa maikrofoni. Katika libxkbcommon dari hilo halipo. Namba ina biti 32, na makundi manne ya lugha yakawa hadi 32. Waliongeza nafasi pale palipobana na wakaacha pale palipotosha. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, lakini hawakusema usifue mbachao.

Kuna skripti moja katika mradi huo ninayoipenda kuliko msimbo wote. Inachukua orodha nzima ya xkeyboard-config, lugha zote, aina zote, na kujaribu kuijenga ramani ya kila moja. Ikifika ke, inajenga Kiswahili. Kisha inajenga Gĩkũyũ. Msafishaji anayeijenga upya maktaba hii huenda hajui Kenya iko wapi, lakini akiivunja kibodi yetu kiasi kwamba haijengeki, skripti itamtajia jina letu. Hiyo ndiyo faida ya kuwemo kwenye orodha. Kisichoandikwa popote hufutwa na mtu mwenye nia njema, siku ya kazi ya kawaida, na hakuna anayesikia hadi mwenyewe apige simu.

Na wangapi hupiga simu? Wale wenzangu wawili wa Kĩambu hawakuwahi kulalamika. Miaka mingi magazeti yetu, hati zetu za mashamba, vitambulisho, vimeandika majina ya watu kwa herufi zilizokuwepo kwenye taipureta. Hata Ngũgĩ wa Thiong'o, vitabu vyake vingi vya Kiingereza vilitoka jina lake likiwa halina alama. Alipoandika Caitaani Mũtharabainĩ katika gereza la Kamĩtĩ, aliandika kwa mkono, kwenye karatasi za chooni. Kalamu haina Ctrl. Inaweka alama juu ya u bila kumwomba mtu. Tulipopewa mashine ndipo tulipoanza kuomba, na baada ya kunyimwa muda mrefu tukaona ndiyo kawaida.

Sisi katika ofisi yetu tulifanya tulichoweza. Sikulirudisha lile sharti kama lilivyokuwa. Niliandika juu yake mistari sita ya Kiswahili ikieleza AltGr ni nini, nani anaitumia, na kilitokea nini Ijumaa ile. Kisha nikampigia yule mama.

"Mama, nataka uniandikie herufi zote unazozihitaji ukiwa kazini. Zote. Hata zile unazodhani ni kawaida."

"Za nini tena?"

"Niziweke kwenye mtihani. Kila tukibadilisha kitu, kompyuta itajaribu kuziandika. Ikishindwa, inatukataza kuendelea."

"Kwani mwanzo mlikuwa mnajaribu nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Tulikuwa tukijaribu amri zetu wenyewe.

Jioni alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Juu aliandika ũ na Ũ, ĩ na Ĩ, kwa mwandiko wa karani wa miaka thelathini, alama zimekaa sawasawa. Chini yake akaandika ng', na kando yake maelezo: kile kialama cha juu kisigeuke, kwa sababu programu yetu ilikuwa ikikigeuza kuwa alama ya kufungulia nukuu, nayo ikaliharibu kila neno lenye ng'. Hiyo ni herufi ya Kiswahili pia. Ni ya lugha yangu. Nilikuwa nimeiona ikigeuka kila siku tangu nianze kazi pale, nami nikaona ndiyo kawaida.

Nikaiandika ya kwanza katika orodha ya majaribio, kisha zile nne zake. Jaribio la ng' likashindwa mara ya kwanza nilipoliendesha. Nikakaa kulirekebisha mpaka saa tatu usiku.